Bastola inakwama, tatizo chuma au mkono?

SWALI: Nina leseni, nimechukua Glock 19 ya kujilinda, lakini nikienda kulenga shabaha ganda la risasi linang'ang'ania pale juu halitoki. Ni mbovu? – Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu yangu, usiilaumu bado. Bastola fupi hiyo, mtutu milimita 102 tu, ile sehemu ya juu inarudi nyuma kwa nguvu ya risasi yenyewe, sasa kifundo cha mkono kikilegea nguvu inapotelea mkononi na ganda linakwama. Shika mpini juu kabisa, kaza, kisha mkufunzi apige kwa magazini (kile kisanduku cha risasi) hiyohiyo. Kwake pia ikikwama, badilisha magazini kwanza ndo risasi, kimoja kimoja bwana! Na chumvi ya bahari yetu hii, we paka mafuta kidogo tu, yakizidi yanashika mchanga.