Sigara, pombe kali na kidonda cha ulimi

Dada, umeuliza kama kaka yako, mvutaji tangu ujana na mnywaji wa konyagi kila jioni, atakuwa salama dhidi ya saratani za mdomo na koo akiacha sigara tu, bila kuacha pombe. Kisha ukagusia kwamba ana kidonda pembeni mwa ulimi tangu mwezi uliopita. Hilo la mwisho ndilo la haraka zaidi. Kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3, hata kama hakiumi, hakina budi kuonwa na daktari, sawa na baka jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe shingoni au sauti iliyokwaruza kwa muda mrefu. Huenda si saratani, lakini jibu hupatikana kwa kukata kinyama kidogo na kukipima maabara, si kwa kusukutua maji ya chumvi.

Kuhusu swali lako, kuacha sigara kutamsaidia sana, ila pombe nayo husababisha saratani hizi: mwili huigeuza kuwa asetaldehidi, kemikali inayoharibu vinasaba, na pia hurahisisha sumu za moshi kupenya utando laini wa mdomo na koo, ndiyo maana hatari ya kuvichanganya huzidi jumla ya hatari ya kila kimoja. Asikimbilie ugoro, kwani nao husababisha saratani ya mdomo. Na kama hunywa kwa wingi, asiikatize pombe ghafla bila usimamizi wa daktari, kwa sababu anaweza kupata mtetemeko mkali au hata degedege.