Ukitaka kuzunguka Ulaya kwa treni mwezi mzima, tuongee tarehe kwanza

Watu wakiniuliza kuhusu safari ya treni Ulaya huwa wanaanza na nchi, tuanzie Ufaransa au Uholanzi, Italia tufike au tuiache, na mimi kila mara nawaambia jamani ngojeni, mnaenda lini? Kwa safari ya siku nne tano tarehe haisumbui sana. Lakini ukitaka wiki tatu, nne, unahama mji hadi mji na begi lako, tarehe ndiyo inayoamua utaona nini dirishani, utalipa shilingi ngapi, utapata siti au utasimama, na hata kama viza itakuwa imetoka siku ya kuondoka.

Na kitu cha kwanza cha kuangalia wala si bei. Ni mwanga. Sisi tuliozaliwa huku karibu na ikweta jua tumelizoea, linachomoza saa kumi na mbili na linazama saa kumi na mbili, Januari mpaka Disemba, kwa hiyo hata haitujii kichwani kuuliza mchana utakuwa na urefu gani. Ulaya ni habari nyingine kabisa. Zurich mwishoni mwa Disemba jua linazama kabla hata ya saa kumi na moja jioni, na Stockholm ndo usiseme, saa tisa alasiri haijafika kumeshaanza giza. Mwezi wa sita kule Paris saa tatu na nusu usiku watoto bado wanacheza mpira nje, jua linazama karibu saa nne. Sasa wewe umelipia treni ya masaa sita ipite milimani, unapanda saa tisa mchana mwezi wa kumi na mbili, nusu ya safari unaangalia sura yako mwenyewe kwenye kioo. Safari ya treni ni dirisha bwana, ukilikosa dirisha bora ungepanda ndege.

Kwa hiyo kama ni mara yako ya kwanza na unaweza kuchagua, mimi nakwambia Septemba, tena kuanzia kama tarehe tano hivi. Mchana bado una masaa kumi na mbili na zaidi, jua halichomi, shule zimefunguliwa karibu nchi zote na wenyewe wamerudi makazini. Chaguo la pili ni katikati ya Mei mpaka katikati ya Juni, ila Mei ina sikukuu nyingi, Ufaransa wana tarehe 1, wana tarehe 8, halafu Kupaa kwa Yesu inaangukia Alhamisi na watu wanaiunganisha Ijumaa na wikiendi, basi siku hizo treni zinajaa kama ilivyokuwa stendi ya mabasi ya Ubungo, Dar es Salaam, mkesha wa Krismasi.

Julai na Agosti nazijua vizuri. Nilikuwa Milano Centrale mwanzoni mwa Agosti, ile stesheni yenye mapaa makubwa ya vioo, na wenyeji wote walikuwa wanaelekea baharini siku moja. Watu wamekaa chini juu ya mabegi, mama mmoja anampepea mtoto kwa gazeti, ubao wa ratiba unabadilika na umati mzima unanyanyuka kukimbilia upande mmoja, halafu treni za mwendo kasi Italia huwezi kupanda bila siti iliyobukiwa hata kama una pasi ya treni (tiketi moja ya kupandia treni nyingi), na zote za mchana zilikuwa zimejaa. Tuliondoka usiku. Waitaliano tarehe 15 Agosti wana sikukuu ya Ferragosto na wiki zote za jirani yake nchi inahama, Wafaransa vile vile wikiendi ya mwisho wa Julai na ya mwanzo wa Agosti kundi moja linarudi lingine linaondoka. Ukiongeza na joto la Roma au Florence mwezi huo, na vyumba vingine havina AC, kwa kweli unateseka kwa pesa yako mwenyewe.

Najua wenye watoto mtaniambia sisi hatuchagui, likizo ndiyo inachagua. Sawa, ila angalieni hivi. Tanzania shule zinafunga Juni, na hiyo ni bahati kubwa mno, maana Wafaransa na Waholanzi wanafunga Julai, kwa hiyo ukiondoka mara tu watoto wanapofunga unapata wiki kadhaa nzuri, mchana mrefu kuliko siku zote za mwaka, kabla wenyeji hawajajaa. Wakenya nyie wa Agosti, badala ya kung'ang'ania Italia na pwani ya Ufaransa nendeni kaskazini. Denmark, Sweden na Norway shule zao zinafunguliwa katikati ya Agosti, hoteli na treni zinapumua, na reli ya Oslo kwenda Bergen ni karibu masaa saba ya milima na maziwa, inapanda hadi stesheni ya Finse, mita 1,222 juu ya bahari. Hali ya hewa huko mwezi huo ni nzuri kwa watu wetu, sweta jepesi linatosha.

Waislamu wenzangu pia angalieni nyakati zetu za sala. Mwezi wa sita magharibi inaingia saa nne usiku, isha karibu na saa sita, na alfajiri inawahi mno. Msafiri ana ruhusa yake ya kupunguza na kukusanya sala, lakini mwili unahitaji kulala, na ukipanga treni ya saa kumi na mbili asubuhi siku tatu mfululizo utachoka vibaya. Septemba nyakati zinakaribia zaidi za nyumbani, hilo peke yake lilimtuliza mama yangu mdogo tulipokwenda naye.

Haya, viza. Hapa ndipo tarehe za watu wengi zinapoharibikia. Viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika kwenye nchi nyingi za Ulaya, unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla, ila hiyo siku 15 wewe isahau kabisa. Majibu kawaida ni ndani ya siku 15 lakini sheria inawaruhusu kufika 45, na kabla ya hapo kuna kutafuta apointimenti, ambayo kuanzia mwezi wa nne huku kwetu inagombaniwa. Ukitaka kusafiri Septemba tafuta apointimenti mwezi wa nne au wa tano, usisubiri Julai. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Unaomba kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na kama zinalingana basi ile utakayoingilia kwanza, kwa hiyo lazima uwe umeshahesabu usiku wa kila mji kabla hujajaza fomu, huwezi kusema nitajua nikifika.

Kuna jambo jingine la viza linawagusa watu wa treni hasa. Reli haijali mipaka, lakini viza inajali. Ukitoka Paris kwenda London kwa treni ya Eurostar umetoka Schengen, Uingereza inataka viza yake peke yake, na kama ya Schengen ni ya kuingia mara moja basi ukishatoka huna tena cha kurudia. Serbia nayo iko nje ya Schengen. Romania na Bulgaria zimeshaingia kamili tangu Januari 2025 na Kroatia tangu 2023, hizo hazina shida. Angalia pia idadi ya siku iliyoandikwa kwenye stika ya viza yenyewe, usisome tarehe za mwanzo na mwisho tu. Mtu anapewa dirisha la miezi miwili lakini siku za kukaa ni 30, basi ni 30 hizo hizo.

Viza ikitoka ndo uje kwenye pasi ya treni. Sisi tunaoishi nje ya Ulaya tunatumia Eurail, wanaoishi kule wanatumia Interrail, na inafika nchi 33. Kuna ya kupanda kila siku mfululizo, na kuna ya kuchagua siku, mfano siku 7 ndani ya mwezi mmoja, au 10 au 15 ndani ya miezi miwili. Watu wanavutiwa na ile ya kila siku maana inaonekana uhuru mtupu, mimi siipendi kwa safari ndefu, inakufanya uhame hame bila sababu ili pesa isipotee. Chukua ya kuchagua siku. Siku ya pasi inahesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku, ndani yake panda treni tatu nne ukitaka, na treni ya usiku inakula siku moja tu, ile ya kuondoka, ilimradi usibadilishe treni baada ya saa sita usiku.

Halafu siku hizo zitumie kwenye vipande vya bei kali. Tuseme unashukia Amsterdam na unaondokea Berlin (tafuta tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mwingine, inakuokolea siku nzima ya kurudi nyuma). Amsterdam mpaka Köln pasi, Köln mpaka Chur kule Uswisi pasi, siku ya milima ya Bernina pasi, Roma kwenda Vienna kwa treni ya usiku pasi pamoja na hela ya kitanda, Budapest kwenda Prague pasi, Prague kwenda Berlin pasi. Ila Milano kwenda Roma au Vienna kwenda Budapest nunua tiketi ya kawaida mapema, ukiwahi inakuwa rahisi na siku ya pasi inabaki. Na kati ya kuhama na kuhama weka usiku tatu. Usiku mbili ndo uchache wake, usiku mmoja ni kufungua begi na kufunga begi.

Nimetaja Bernina, hiyo siku ipange kwa makini kuliko zote. Reli inatoka Chur au St. Moritz inashuka mpaka Tirano upande wa Italia, imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, na pale juu Ospizio Bernina uko mita 2,253. Kuna treni ya watalii yenye madirisha makubwa na inataka kubuku siti, lakini treni za kawaida zinapita reli ile ile na hazitaki siti, na kwenye mabehewa mengine dirisha linashuka. Tulipita Septemba asubuhi. Juu baridi inang'ata, barafu ile ya milele inaonekana kabisa, ziwa jeupe kama maziwa, halafu treni inaanza kushuka kwa kujizungusha, saa moja na kitu baadaye uko kwenye miti ya chestnati na watu wamevaa fulana, na pale Brusio daraja lenyewe ni duara, unatoa kichwa unaona behewa la mbele linapita chini ya matao ambayo wewe mwenyewe ulikuwa juu yake sasa hivi. Weka mchana mzima kwa hiyo, na uondoke asubuhi. Ile nyingine maarufu, Glacier Express ya Zermatt hadi St. Moritz, kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Disemba huwa haitembei, usiende ukaikosa.

Vitu vidogo vidogo vya kalenda sasa. Munich kuanzia katikati ya Septemba hadi mwanzo wa Oktoba kuna Oktoberfest, sherehe kubwa ya bia, vyumba vinapanda bei vibaya sana, pita usilale. Ratiba za reli Ulaya nzima zinabadilika Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Disemba, kwa hiyo anayetaka masoko ya Krismasi kwa treni ajue tiketi za baada ya siku hiyo zinachelewa kutoka, na masoko yenyewe mengi yanafungwa tarehe 24. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma, tofauti na nyumbani inatoka saa moja inakuwa mawili, waambie wanaokungoja kwa simu. Louvre haifunguliwi Jumanne, makumbusho mengine mengi ni Jumatatu, na Ujerumani Jumapili maduka yamefungwa isipokuwa yale ya stesheni. Ijumaa jioni na Jumapili jioni usihame, treni zinajaa wanafunzi na wafanyakazi. Jumanne mpaka Alhamisi, saa nne asubuhi, ndo muda mtulivu kuliko yote.

Na kuunganisha treni Ujerumani kupe nafasi. Mwaka 2024 treni zao za masafa marefu zilizofika kwa wakati zilikuwa asilimia 62 na kidogo, na wako kwenye matengenezo makubwa ya reli, njia ya Hamburg kwenda Berlin waliifunga tangu Agosti 2025 kwa miezi kadhaa. Apu ikikupa dakika nane za kubadilisha treni, kataa, chukua inayofuata, saa nzima ukae unywe chai. Uzuri wake na pasi kwenye treni nyingi za Ujerumani hulazimiki kubuku siti, unapanda yoyote inayokuja. Uswisi dakika sita zinatosha.

Siku ya mwisho usiibane. Usije na treni ya usiku kuwahi ndege ya asubuhi ile ile, hata kama kwenye apu inaonekana inatosha, fika mji wa ndege jana yake na ulale hapo. Amsterdam, Zurich na Frankfurt treni zinaingia mpaka uwanjani kabisa, kwa hiyo huna haja ya hoteli ya pale pale ambayo ni ghali, lala vituo viwili vitatu kabla na asubuhi uangalie tu treni ya kwanza ya kwenda uwanjani inapita saa ngapi, hasa kama ni Jumapili.