Kabla Uchome Bando kwa Gemu Inayopendeza Macho

Wiki jana kijana wa jirani yangu hapa Migosi alibisha mlango na simu mkononi, akaniambia anko naomba waifai kidogo kuna gemu nataka kudaunlodi, nikamuuliza ni kubwa aje, akasema ni GB 20 na kitu. Akanionyesha trela. Na enyewe ilikuwa nzuri, nyasi inalala upande upepo ukipita, maji ya mto unaona mpaka mawe chini, jua likienda kuzama mlima wote unageuka rangi ya chungwa. Nikamwambia keti kwanza tuongee. Haya naandika hapa ni yale nilimwambia pamoja na mengine nilikumbuka akiwa ashaenda, juu najua si yeye peke yake anajiuliza kama hizi RPG za mtandaoni, yaani gemu za kukuza mhusika wako pamoja na watu wengine, zenye grafiki kali ziko na kitu ndani ama ni sura tu, na vile bando inauzwa sahii si kitu ya kujaribu jaribu.

Nianze na urembo wenyewe, sitaki mtu afikirie naudharau. Mwaka 2021 nilikuwa nimerudi Kisumu kutoka Nakuru, kazi imeisha, nalala kwa kochi ya kaka yangu, na nikaweka gemu moja ya aina hiyo kwa simu, jina naliacha. Usiku wa kwanza nilipanda mlima karibu nusu saa bila kupigana na yeyote, nikafika juu, nikamsimamisha mhusika wangu pale ukingoni nikaangalia jua likichomoza. Muziki ukapungua mpaka ikabaki filimbi moja. Simu ilikuwa imepata moto kama pasi nikawa naishika na taulo, na sikuiweka chini. Hiyo miezi nilikuwa na mawazo mengi na zile dakika kumi zilinipa pumzi. Hiyo ni kitu ya kweli kabisa, mtu asikwambie grafiki ni mambo ya watoto.

Kilichoniamsha ni mvuvi.

Kulikuwa na mji wa bandarini ndani ya hiyo gemu, na kwa gati kulikuwa na mzee amesimama na ndoano, kila ukipita anakwambia leo samaki hawataki kula. Sasa mimi nimekulia karibu na Dunga, mjomba wangu ni mvuvi, na tukiwa wadogo tulikuwa tunaamshwa alfajiri twende kungojea mashua za omena zikiingia na taa bado zinawaka. Pale ufuoni hakuna siku inafanana na nyingine. Kukiwa na mbalamwezi omena haifuati taa vizuri, inakuja kidogo, gorogoro inapanda bei na akina mama wananunua wakizozana, lakini giza likiwa totoro mashua zinarudi zimejaa, bei inaanguka, na mjomba anaeza rudi nyumbani amenuna ilhali ameshika mara mbili ya jana. Ndo nikamwangalia yule mzee wa gemu. Nilikuwa nimetoka kuua joka lililokuwa linatisha mji wote, stori ya masaa mengi na ya kutoa machozi, nikarudi kwa gati nikiwa na hamu ya kuona watu wanasemaje, na yeye, leo samaki hawataki kula. Hajawahi shika hata mmoja. Na angeshika, hakuna mtu kwa huo mji angemla.

Ukishaona kitu kama hicho huwezi jifanya hujakiona. Nikaanza kuona mpishi ambaye chakula chake hakiliwi, askari ambaye lango lake halivamiwi. Nikaona pia maisha yangu ndani ya gemu yamebaki nini baada ya stori kuisha, kazi ndogo nne kila siku, nishati inajaa polepole ukiitumia inaisha ndani ya dakika ishirini, alafu ngoja kesho. Na ile bahati nasibu ya wahusika wapya ambapo nafasi ya kupata mmoja wa nyota 5, yaani daraja la juu, kwa kila jaribio ni 0.6 kwa mia, na uhakika wa kupata mmoja wa hao unafika jaribio la 90. Nilituma kama elfu tatu kwa miezi miwili, na ilikuwa pesa ya tokeni za stima ya nyumba ya kaka yangu. Ile inauma ata leo. Lakini nataka ieleweke, shida haikuwa kwamba gemu ilikuwa mbaya. Shida ni kwamba nilikuwa nimekaa mahali ambapo hakuna mtu ananihitaji, si wale wahusika wanaoendeshwa na kompyuta wala wale watu halisi tulikuwa nao kwa seva, juu kila mmoja alikuwa kwa mlima wake anaangalia jua lake.

Binamu yangu anaishi Nakuru, Section 58, yeye ndo alinishika mkono akanipeleka Old School RuneScape. Hii ni gemu imejengwa juu ya RuneScape ya vile ilikuwa Agosti 2007, ikafunguliwa Februari 2013 na kuja kwa simu Oktoba 2018, na ukiiangalia mara ya kwanza utashangaa. Nyuso ni kama zimechongwa na panga, maji ni karatasi ya buluu, miti inafanana. Nilimwambia binamu hii siwezi, akanijibu ipe wiki mbili alafu uniambie.

Wiki mbili nilizimaliza nikivua. Unaanza na uduvi kwa kimia kidogo, unapanda pole pole, ukifika levo 40 ya uvuvi unaeza tega lobsta. Sasa sikiza vile hii kitu inafanya kazi. Lobsta za watu wasiolipia gemu ziko kisiwa cha Karamja, unapanda meli bandari ya Port Sarim kwa sarafu 30, kurudi sarafu 30 zingine. Mfuko wako una nafasi 28. Mtego unachukua nafasi moja, sarafu zako zote nafasi moja, zinabaki 26. Kwa hivyo kila safari ni lobsta 26, unazirudisha bandarini, unaziweka akiba, unaenda tena. Ukitaka kuzipika unahitaji levo 40 ya upishi na kwa hiyo levo nyingi zinaungua mikononi mwako. Ukisoma hivi inaonekana ni kazi ya kuchosha na ni kweli ni kazi, lakini lobsta mmoja aliyepikwa anarudisha nguvu 12 kwa mtu anayepigana, na huyo mtu ni mtu kweli, yuko mahali anakaa na simu kama yangu, na kuna soko linaitwa Grand Exchange ambapo yeye anaweka bei yake na mimi naweka yangu. Bei inapanda na kushuka. Siku moja imeshuka nikanuna vile mjomba alikuwa ananuna, na hapo nikajua nimeingia.

Alafu kukawa na ule usiku wa mvua. Nilikuwa nimejiunga na kikundi kidogo, jamaa wa Brazil, dada mmoja wa Ufilipino, na wengine sikuwahi kujua wanatoka wapi, wakawa wamepanga kupiga bosi, yaani adui mkubwa wa gemu, saa nne usiku saa zetu na chakula chote ni mimi nabeba. Saa tatu na nusu stima ikapotea mtaa mzima, laptopu yangu betri ilikufa kitambo. Nikaingia kwa simu, akaunti ni ileile, charji asilimia 14, nimekaa karibu na dirisha natafuta mtandao, nikafika, nikawapa kila mtu samaki wake, nikaandika stima imeenda naweza potea wakati wowote. Yule wa Brazil akaandika tutakungoja. Screen ilikuwa na picha mbaya kuliko kitu chochote nimewahi kucheza na sikuona nyumba, sikuona giza, sikusikia mvua kwa mabati. Watu wakiniuliza kumezwa na gemu ni nini mimi nakumbuka hiyo saa.

Kwa hivyo kina ya hizi gemu mimi naipima hivi: kitu unafanya leo kuna mtu atakikosa kesho usipokifanya? Kama hakuna, ata ichorwe na malaika, utachoka mwezi wa pili ama wa tatu.

Na si maneno yangu tu, watengenezaji wenyewe walilipia hili somo. Final Fantasy XIV, RPG nyingine ya mtandaoni, ilipotoka 2010 ilikuwa mrembo sana na watu waliikataa. Naoki Yoshida, yule alipewa kazi ya kuifufua, alieleza baadaye kwamba chungu cha maua kilichokuwa kando ya njia kilikuwa kimechorwa kwa undani sawa na mhusika mzima wa mchezaji. Hebu fikiria, chungu cha maua, kitu unapita nacho bila kukitazama, kinakula nguvu ya kompyuta kama mtu! Walifunga seva Novemba 2012, kwa stori wakaangusha mwezi juu ya dunia yote, na Agosti 2013 wakaifungua upya ikiwa imejengwa toka msingi. Hiyo ya pili bado iko, bado inapendeza, na watu wameishi ndani yake miaka zaidi ya kumi. Sasa urembo na kina zinaeza kaa nyumba moja, lakini pale mwanzo urembo ulipewa pesa yote mwenzake akalala njaa. Guild Wars 2 pia ni hivo, toka 2012 dunia yake ni kama imepakwa rangi kwa brashi na levo ya juu imebaki 80 mpaka leo, kwa hivyo vitu ulivyotafuta zamani havitupwi. Lakini Guild Wars 2 inataka kompyuta, na hiyo Final Fantasy XIV kompyuta ama konso.

Ukiwa na simu na unataka kitu kizito zaidi, Albion Online iko kwa simu tangu 2021 na unacheza na watu wa kompyuta kwa seva moja. Karibu kila upanga na kila kofia kule imetengenezwa na mchezaji, na ukiingia maeneo ya hatari, yale yanaitwa mekundu ama meusi, ukauawa, kila kitu umevaa kinachukuliwa. Mimi moyo wangu hauwezi hiyo kila siku, lakini nilipobeba mbao zangu za wiki nzima kupitia eneo jekundu nilikuwa natembea nikishikilia pumzi, na hakuna mandhari imewahi nifanyia hivo. Kuna na EVE Online ya kule Iceland, gemu ya meli za anga za juu, Januari 2014 vita vikubwa kabisa vilianza juu kikundi kimoja malipo ya kushikilia eneo lake hayakupita, bili tu, vikaenda karibu siku nzima na meli za Titan, zile kubwa kabisa, zaidi ya 70 zikateketea. Hakuna mwandishi alipanga hiyo stori.

Sasa ushauri wa mkono kwa mkono. Usiangalie trela, trela imetengenezwa na watu wa kuuza. Tafuta video ya mtu amecheza hiyo gemu miaka miwili na bado anacheza, usikize anaongea kuhusu nini. Akiongea kuhusu wahusika wanaokuja mwezi ujao, hiyo ni duka. Akiongea kuhusu watu, soko, deni, ugomvi wa vikundi, siku walishindwa na bosi mara thelathini, hapo kuna maisha. Angalia pia mabadiliko yanaamuliwaje, kwa mfano Old School vitu vipya vikubwa wachezaji wanapiga kura, zamani ilihitaji asilimia 75 na sahii ni 70. Na usilipe kitu chochote mwezi wa kwanza, ata ikiwa ofa inaisha leo usiku. Hizo ofa zinarudi.

Kwetu huku kuna jambo lingine, umbali wa seva. Nyingi ziko Ulaya ama Marekani, kwa hivyo gemu ya kukwepa upanga haraka haraka utakuwa unakufa kabla uone upanga umeinuliwa, lakini gemu ya kuvua, kutengeneza, kufanya biashara na kupigana kwa mpango haisumbuliwi sana na hiyo, na inakula data kidogo mno. Mimi navua kwa matatu nikienda Kakamega na bando ya siku haiishi.

Na kama wewe unachotaka ni stori nzuri na mandhari, cheza ile mrembo, usiogope. Maliza stori, lia pale pa kulia, alafu toka, usibaki kwa ajili ya zile kazi nne za kila siku ukidhani stori bado inaendelea. Mimi ningetoka baada ya joka, ningekuwa nayo moyoni kama kitu safi kabisa.

Yule kijana nilimwekea Old School wakati tunaongea, iliingia haraka ata chai haijapoa. Akatupwa Lumbridge, mji wa kuanzia, mpishi wa kasri akamwomba yai, maziwa na unga wa keki. Yai akaokota kwa kuku, ng'ombe akakamua, akavuna ngano akapanda juu ya kinu akaimwaga, akavuta mtambo, akashuka chini mbio kuchukua unga na akapata hana chungu cha kuuwekea. Mama yake alikuwa anaita kutoka nje, mara ya tatu sasa. Akasema anko ngoja, ngoja kwanza, akageuka akaanza kurudi kasri kutafuta chungu. Ile ya GB 20 bado anaitaka, tumekubaliana aje Jumamosi usiku.