Mzee wa Besi Anajibu: Majogoo, bandari na maneno ya kwenye mkataba

*Shikamoo Mzee wa Besi. Hapa kijiweni kwetu Vingunguti tumebishana wiki nzima. Mwenzangu anasema The Beatles ni kundi la London. Mimi nasema Liverpool. Yeye anadai Liverpool ni mpira tu, Majogoo, hakuna muziki kule. Tuamulie, na utuambie huo mji ukoje.*
Kinyozi, Vingunguti

Marahaba, kijana. Umeshinda wewe. John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr, wote wanne wamezaliwa Liverpool. London walikwenda kurekodi, na mwaka 1963 wakahamia huko kwa sababu kampuni za santuri zilikuwa huko. Mwenzako amechanganya kazini na nyumbani. Ni kama mtu anayedhani kila msanii wa Bongo ni mtoto wa Dar, kumbe wengine ni wa Kigoma kabisa.

Mji wenyewe uko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, pale mto Mersey unapoingia baharini. Ukitaka kuuelewa, shuka Feri saa kumi na mbili asubuhi, utazame watu wanavyomiminika kutoka kwenye pantoni la Kigamboni, na nyuma yao winchi za bandari zimesimama. Mersey nao una vivuko vyake, watu wanavuka kwenda Birkenhead na kurudi. Mwaka 1934 wakafunguliwa njia ya magari chini ya mto, kama sisi tulivyopata daraja letu la Kigamboni mwaka 2016, na bado kivuko kina watu wake.

Bandari hiyo ina historia nzito. Katika karne ya 18 meli za Liverpool zilisafirisha mateka wengi sana kutoka Afrika Magharibi kwenda Amerika, na mwaka 2007 mji ulifungua makumbusho ya utumwa palepale gatini. Nalitaja kwa sababu sisi watu wa pwani hii, wenye Bagamoyo yetu, hatuwezi kusifia bandari yoyote bila kuuliza imepitisha nini.

Sasa muziki. Tazama nyumba walizotoka hao vijana. Baba yake Lennon alikuwa baharia. Baba yake Harrison alikuwa mhudumu melini kabla ya kuingia kwenye mabasi. Baba yake McCartney aliuza pamba, na pamba ndiyo iliyoineemesha Liverpool. Mabaharia wa mji ule waliokuwa wakienda New York walirudi na nguo, santuri na magitaa ambayo hayakupatikana madukani kwao. Mwaka 1961 Harrison alinunua gitaa la Gretsch, la Kimarekani, kutoka kwa baharia wa Liverpool aliyelinunua New York. Ndilo utaliona mikononi mwake kwenye jalada la albamu aliyoitoa mwenyewe mwaka 1987. Na walipokwenda kukomaa kwa kupiga usiku kucha, kuanzia Agosti 1960, walikwenda Hamburg, Ujerumani, ambako nako ni bandarini. Waliporudi ndipo wakashika klabu ya Cavern, mtaa wa Mathew, chumba cha chini ya ardhi, wakapiga humo karibu mara 300.

Naandika haya moyo ukinidunda, maana baba yangu alikuwa kuli hapa bandarini kwetu. Jioni moja, mimi nikiwa na miaka kumi na mbili, alikuja nyumbani Temeke na sahani ndogo ya santuri ameifunga kwenye kipande cha gunia. Alipewa na baharia Mgiriki. Jalada halikuwepo na ukingo ulikuwa umemeguka kidogo. Gramafoni hatukuwa nayo, tukaipeleka kwa mwalimu jirani. Wakati sahani inazunguka baba aliinama akakitazama kile kibandiko cha katikati. Kilipotulia akaweka kidole chini ya jina la wimbo, penye majina mawili ndani ya mabano, akauliza, "Na hawa waliofungiwa humu ndani ni nani?" Mwalimu akajibu kwamba hao ndio watunzi. Miaka mingi baadaye ndipo nikaelewa kwamba baba aliuliza swali la maana kuliko yote katika biashara hii. Barua inayofuata itakuonyesha kwa nini.

*Mzee shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 22, naimba na natunga mwenyewe. Nimepewa mkataba wa kurasa tisa wa Kiingereza. Nakutana na maneno masta, pablishingi, mrabaha, adivansi. Wanataka jibu Ijumaa. Naogopa nikiuliza sana wataniacha.*
Binti wa Mbagala

Marahaba, mwanangu. Ijumaa usisaini. Mtu anayekutaka kweli atakungoja mpaka Ijumaa nyingine, na asiyeweza kungoja wiki moja hatakufaa kwa miaka mitano.

Tuanze na kiwanja na nyumba, mambo ambayo mtu wa Mbagala anayajua. Wimbo, yaani maneno na sauti yake, ni kiwanja. Uliutunga, ni wako, hata kama bado uko kwenye daftari tu. Siku unapoingia studio ukaurekodi, umejenga nyumba juu ya kiwanja hicho. Nyumba hiyo ndiyo masta, ile rekodi mama inayozaa nakala zote. Mtu mwingine anaweza kuja kujenga nyumba yake juu ya kiwanja hichohicho, akauimba wimbo wako kwa sauti yake, ndiyo wanaita kava. Yeye atamiliki nyumba yake, lakini kodi ya kiwanja ni ya mtunzi. Pablishingi ni usimamizi wa hicho kiwanja: nani anakidai kodi, anachukua kiasi gani, na hati imeandikwa jina la nani. Mrabaha ni ile kodi yenyewe, ya kiwanja au ya nyumba, inayoingia kila kazi inapouzwa au kutumiwa.

Kwa hiyo kwenye kurasa zako tisa usitafute jina lako kwanza. Tafuta hati mbili. Masta ni ya nani, na kwa miaka mingapi? Kiwanja ni cha nani, na kwa miaka mingapi? Ukikuta neno lenye maana ya "daima", simama hapo.

Usidhani ni sisi tu tunaopatikana. Wale vijana wa Liverpool walisaini mwaka 1962 na Parlophone, lebo, yaani chapa ya kutolea santuri, iliyokuwa chini ya kampuni ya EMI. Masta zote zilikuwa za EMI. Mrabaha wao ulikuwa peni moja kwa kila sahani ndogo iliyouzwa, wagawane wanne. Zamani hizo pauni moja ilikuwa na peni 240. Fanya hesabu nami: sahani 240 ziuzwe ndipo ipatikane pauni moja, na hiyo pauni ina wenyewe wanne, na meneja wao, Brian Epstein, ana asilimia yake kwenye mapato, iliyofika 25. Uza sahani milioni moja, unapata pauni kama 4,166 za watu wote hao. Dunia nzima inaimba nyimbo zako, nawe unagawana peni.

Na kiwanja? Mwaka 1963 iliundwa kampuni ya Northern Songs kusimamia nyimbo za Lennon na McCartney. Mchapishaji Dick James na mshirika wake walishika nusu; watunzi wenyewe waliambulia asilimia 20 kila mmoja. Mwaka 1965 hisa zikapelekwa sokoni London. Mwaka 1969 kampuni ya ATV ikaichukua, watunzi wakijaribu kuizuia wakashindwa. Mwaka 1985 Michael Jackson akalinunua tawi la nyimbo la ATV kwa dola milioni 47.5, na nyimbo zile zikahama naye. McCartney akaendelea kuziimba jukwaani akiwa mtunzi, hati za kiwanja zikiwa kabatini kwa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa na wimbo mmoja. Katikati ya miaka ya themanini bendi yetu ilirekodi kwa mfanyabiashara mmoja, akatulipa mara moja, pesa ambayo niligawana na wenzangu saba nikabaki na nauli na kilo mbili za nyama. Hatukuandikiana chochote. Miezi michache baadaye nilipita Kariakoo, nikausikia wimbo wangu kwenye kibanda cha kanda. Niliichukua ile kanda nikasoma karatasi yake ya ndani. Jina la mtunzi lilikuwa la mtu mwingine. Nililipa, nikaondoka nayo. Ninayo mpaka leo, utepe umeshalegea, lakini ile karatasi inasomeka vizuri. Baba alikuwa hai bado. Nilimwonyesha, akaweka kidole palepale penye mabano, hakusema neno.

Adivansi nayo usiipokee kama zawadi. Ni mkopo wa mrabaha wako mwenyewe. Ukipewa milioni tano leo, kila shilingi ya mrabaha wako itakwenda kulipa hiyo milioni tano kwanza, na mara nyingi gharama za video, picha, mavazi na nauli za Arusha na Mwanza zinaongezwa juu yake. Unaweza kusikika redioni mwaka mzima na bado ukaambiwa unadaiwa. Waombe waandike waziwazi ni gharama zipi zinakatwa kwako, na haki yako ya kukagua hesabu angalau mara moja kwa mwaka.

Halafu nenda COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki, na nyimbo zako na kitambulisho, uzisajili kabla ya hiyo Ijumaa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na ina maneno hayo mawili kwa sababu zake: hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki inamgusa mwimbaji na aliyerekodi. Wewe ni mtunzi na ni mwimbaji. Una milango miwili, usikubali kufungiwa mmoja. Na umtafute wakili asiye wa lebo. Ukibanwa na ada, changisha kwa ndugu kama wanavyochangisha harusi, maana hii nayo ni ndoa.

*Mzee, nini tofauti ya singo, EP na albamu? Na meneja na prodyuza wanatofautianaje?*
Msomaji, Tabata

Tofauti hiyo ilianzia kwenye sahani za santuri. Singo ilikuwa ya inchi 7, wimbo mmoja kila upande, ikizunguka mara 45 kwa dakika. Albamu ni ile ya inchi 12, mara 33 kwa dakika na kidogo. EP ipo katikati, kwa kawaida nyimbo nne. Albamu ya kwanza ya Beatles ina nyimbo 14, na kumi kati ya hizo zilirekodiwa siku moja tu, tarehe 11 Februari 1963, Lennon akiwa na mafua.

Prodyuza anatengeneza kazi studio. Kwao alikuwa George Martin. Meneja anakutembeza. Tarehe 1 Januari 1962 vijana walijaribiwa na kampuni ya Decca wakakataliwa, na Epstein, aliyekuwa akiendesha duka la santuri pale Liverpool, akaendelea kugonga milango London mpaka Martin alipofungua.

*Shikamoo mzee. Zamani mlikuwa mkisema "upande B". Ulikuwa wa nyimbo mbovu?*
Mama wa Kigamboni

Marahaba, mwanangu. Hapana. Upande A ndio uliotarajiwa kuchezwa redioni, upande B uliufuata nyuma, lakini sahani ikiuzwa, mtunzi wa upande B alipata mrabaha wake sawa na wa upande A. Singo ya kwanza ya Beatles kwa Parlophone, ya tarehe 5 Oktoba 1962, ina "Love Me Do" upande A na "P.S. I Love You" upande B. Hizo mbili zilitangulia Northern Songs, zikawa chini ya mchapishaji mwingine, na baadaye zikaingia mikononi mwa kampuni ya McCartney mwenyewe. Kwa hiyo kati ya viwanja vyote alivyovipima na Lennon ujanani, hivyo viwili, cha upande A na cha upande B, hati zake anazo nyumbani.