Kwa dada aliyeuliza kama shairi linaponya au linatonesha kidonda

Dada uliyefungua uzi huu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Umeeleza kwamba tangu arobaini ipite kuna shairi ulilosoma shuleni ambalo kila ukifika ubeti wa pili sauti inakatika na machozi yanakutoka, na mumeo amekuomba uachane nalo kwa kuwa linatonesha kidonda. Unauliza uendelee au uache. Waliotangulia wamekujibu kwa mkato: mmoja kasema muda utaponya, mwingine kasema mashairi ni ya mitihani tu. Mimi naomba nijibu kwa urefu, maana jambo hili limenipitia, na jibu langu ni: endelea. Ila soma kwa sauti, na ukikwama usikimbilie kufunga kitabu. Pale unapokwama ndipo penye kitu chako.

Mama yangu alipata kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia na kikamchukua na ulimi. Alikaa hivyo zaidi ya mwaka, anaelewa kila kitu, anafuata kwa macho, lakini neno halitoki. Dada zangu wote wameolewa mbali, kwa hiyo mwenye kumgeuza, kumlisha uji na kumpepea umeme ukikatika nilikuwa mimi na shangazi. Kwa wasioijua Tanga mwezi wa pili, joto lake si la kusimuliwa. Alipofariki watu walinipa pole kwa kusema "angalau amepumzika". Nilielewa nia yao njema. Kilichonisumbua hakikuwa kifo chenyewe. Kila nikimkumbuka nilimwona yule wa kitandani tu, aliye kimya. Mama wa miaka yote ya nyuma, mwenye maneno mengi na sauti ya kufika nyumba ya tatu, alikuwa amefunikwa kabisa. Na nilikuwa na uchungu mwingine ambao sikuweza kumwambia mtu: aliondoka bila kuniusia lolote.

Sasa shairi. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha sita, alikuja dukani kwangu jioni moja na daftari la fasihi. Walikuwa kwenye historia ya ushairi, wamefika Utendi wa Mwana Kupona, na Kiamu chake, lahaja ya Lamu, kilikuwa kinamtesa. Akasema, "Mjomba, nisomee wewe nisikie unavyokwenda." Wengi wenu mnaujua. Uliandikwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, kisiwa cha huko Lamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, mji wa kisiwa hichohicho, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mama alikuwa mgonjwa, na mwaka 1860 hivi akafariki. Shuleni tulifundishwa kwamba ni utendi wa kumfunza mwanamke kumtii mumewe, tukaandika hoja za kuupinga na hoja za kuutetea, tukapata alama zetu, basi.

Nikaanza kumsomea. Ubeti wa kwanza anamwita binti ausikilize wasia. Ubeti unaofuata ni huu:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Hapo sikuendelea. Mpwa wangu alidhani sijui kusoma neno linalofuata, akanisogezea taa.

Mwanamke aliyezikwa zamani za mabibi wa bibi zetu alikuwa amesema lile ambalo mama yangu asingeweza kulisema. Ugonjwa umenishika, mwaka umetimia, sikupata kukuambia neno jema. Lilikuwa jambo lake na bintiye, halikunihusu mimi mwanaume mwenye duka la misumari na saruji. Lakini nililisikia kwa sauti ya mama, ile ya zamani, ya kabla ya kiharusi. Ndiyo mara ya kwanza kuisikia tena kichwani tangu alipopoteza usemi.

Kuna mchangiaji hapo juu ameandika kwamba shairi lina maana aliyoikusudia mtunzi, na kwamba kulibandika mambo yako ni kulipotosha. Kwenye chumba cha mtihani nakubaliana naye. Ila angalia jambo moja. Mbele kidogo Mwana Kupona anamwelekeza bintiye namna ya kumhudumia mume aliyelala, asimwamshe, amkalie karibu, halafu anasema "na upepo asikose, mtu wa kumpepea". Mimi niliposoma hapo sikumwona mume wa mtu. Niliona kipepeo chetu cha ukindu chenye ukingo mwekundu, kilichopasuka mshikio nikaufunga kwa kitambaa, na kiganja changu cha kulia chenye sugu ndogo chini ya kidole gumba. Nilikuwa nimeisahau sugu ile. Nimeshatazama kiganja, imekwisha. Mshairi hakuniandikia mimi mistari hiyo, lakini sijampotosha kwa lolote. Maana yake iko palepale kwa anayeitaka, na mimi nimepita mlango huohuo kwenda chumbani kwa mama.

Nikisema shairi linaponya, kwangu maana yake ni kwamba lilinirudishia mama mzima. Huzuni haikuondoka wala sikutaka iondoke. Kilichoondoka ni ule ukimya uliokuwa umemfunika.

Ilikuwaje? Baada ya ubeti ule wa maradhi, Mwana Kupona hakai kuomboleza. Anamwambia binti asogee, aketi, alete wino na karatasi, kisha anaingia kwenye mambo ya kila siku: dini, adabu, ulimi, namna ya kuishi na watu, usafi wa nyumba. Sitakuficha, yako mengine juu ya mume ambayo siwezi kumfundisha binti yangu leo, na mpwa wangu aliyakunjia uso waziwazi. Lakini nilipokuwa namsomea mambo hayo madogomadogo ya nyumbani, nikajikuta nakumbuka ya mama yangu. "Ukienda kwa watu, hodi uipige ungali mbali na mlango." "Fundi mlipe jasho halijakauka." "Mgeni usimuulize kama atakula, mwandalie." Alikuwa akiyasema tangu sijavaa suruali ndefu. Kumbe wasia niliupewa miaka yote ile, kidogokidogo, jikoni na uani, na mimi nilikuwa nausubiri kitandani, mwaka ule ambao hakuwa na ulimi.

Dada, kama shairi lako linakuliza kwenye ubeti wa pili, jiulize ubeti ule unasema nini hasa, na wewe unaona nini. Usitafute jibu la kitaaluma. Ni mkono? Ni harufu? Ni neno alilolisema mtu? Kiandike pembeni hata kwa maneno mawili.

Na kwa nini nasisitiza kusoma kwa sauti? Kwa sababu mashairi yetu yametungwa yaimbwe. Mizani, yaani hesabu ya silabi, na vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vinakupa pa kuvuta pumzi. Mtu mwenye kilio kooni hajui sentensi yake itaishia wapi, ndiyo maana tunaanza kusema kisha tunashindwa. Ubeti wa utendi una mistari minne, mizani nane nane, na kina cha mwisho kinachojirudia tangu mwanzo hadi tamati. Hata ukilia katikati, mwisho wa mstari unaujua, unaufikia, unashika unaofuata. Mimi nilirudi kwenye ubeti ule usiku uleule baada ya kufunga duka, nikausoma hadi ukaisha, kisha wa tatu, wa nne. Utendi wote una beti 102. Sikuumaliza siku ile na sikuona haja.

Kuna mzee mmoja mjane ambaye hupita dukani kununua vitu vidogovidogo, mara bawaba, mara kitasa, mara msumari wa kutundikia picha. Aliposikia habari zangu aliniambia anachofanya yeye. Shaaban Robert, ambaye ni wa kwetu hukuhuku Tanga, alipofiwa na mkewe Amina alimwandikia shairi la maombolezo, limo katika kitabu chake Maisha Yangu. Linaanza: "Amina umejitenga, kufa umetangulia." Mzee huyu alilishika tangu ujana wake, wakati hata hajaoa. Jina la marehemu mkewe nalo lina mizani tatu, kwa hiyo huliweka pale penye Amina na shairi halipindi hata kidogo. Huimba akiwa anafagia uwanja asubuhi. Nilimuuliza kama haimuumizi. Akasema, "Mwanangu, jina lake hakuna anayelitaja tena nyumbani. Watoto wanaogopa nitalia. Nikiimba nalitaja." Mimi ningependa mumeo ausikie mfano huo, kwa heshima zote. Mara nyingi wanaotupenda wanatuzuia kulia kwa sababu wao ndio hawawezi kuyatazama machozi yetu.

Lakini nisikuaminishe kwamba kila shairi linamfaa kila mtu wakati wowote. Dada yangu mkubwa, baada ya nyumba ya ukoo wa mumewe kuuzwa, hawezi kabisa kuisikia Al-Inkishafi, ule utendi wa kale juu ya kuporomoka kwa fahari ya Pate. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anapozieleza nyumba za Pate, zile zidaka zilizopangwa sahani sasa zimekuwa viota vya ndege, dada huinuka na kutoka. Sijawahi kumlazimisha. Huenda siku moja ataitaka mwenyewe, huenda hataitaka kamwe.

Kipimo ninachokitumia mimi ni kile kinachofuata baada ya machozi. Ukishalia ukaweza kumsimulia mtu kisa cha mama, ukala, ukalala, basi machozi hayo yanakufanyia kazi. Lakini ikiwa baada ya kusoma unabaki umefungika, hulali, chakula hakipiti, kazi za nyumbani zimekushinda wiki baada ya wiki, au unaanza kufikiria kumfuata mama, weka shairi chini na uende hospitali ukaonane na watu wa afya ya akili. Nenda na mumeo. Shangazi yangu alikwenda, na anaendelea kuimba kaswida zake vilevile.

Kwa waliosema Qur'ani inatosha, sina ubishi nao. Hitma ya mama tumeisoma na dua tunaendelea kuomba. Ila utendi wenyewe kuelekea mwisho una beti nyingi za dua, Mwana Kupona anamwomba Mola juu ya wanawe, ndugu zake na Waislamu wote. Mimi husoma sehemu hiyo baada ya isha na ninaitikia amina mahali anapoombea watoto.

Jambo la mwisho ni lile lililonifaa kuliko yote. Nilinunua kaunta buku, nikaanza kuyatia maneno ya mama katika beti. Mimi si malenga, sijawahi kupeleka shairi gazetini. Ubeti mmoja ni huu:

Ulinena u jikoni
mwiko wako mkononi
fundi jasho li usoni
haki kumtimizia

Nilianza na mstari wa kwanza na wa tatu tu. Nilikuwa natafuta mstari wa katikati wenye kina cha -ni, nimekaa nimeshika kalamu, ndipo nikauona mkono wake na mwiko wa mti wa mnazi, akinielekezea nao usoni huku tui linadondoka sakafuni, kwa sababu nilikuwa nimemwambia fundi arudi kesho kuchukua pesa yake. Tukio hilo lote lilikuwa limepotea. Lililetwa na kutafuta kina. Ukiwa na haraka ya kuandika tu "nilimpenda mama yangu" hupati kitu hicho. Vina vinakuchelewesha, na katika kuchelewa huko kumbukumbu zinapata muda wa kufika.

Mpwa wangu sasa ananidai ubeti kila akija, naye ameanza kuniletea maneno ya bibi yake ambayo mimi sikuyasikia, aliyoambiwa yeye peke yake walipokuwa wakichambua mchele. Mengine yananishangaza.

Kwa hiyo dada, ukipata nafasi tuandikie hapa ni shairi gani na ubeti gani unaokukwamisha. Kama ni la Kiamu au Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha zamani na kuna maneno yanakupiga chenga, liweke tulisome pamoja, humu kuna wazee wa Lamu na Mombasa wanaoyajua kuliko mimi. Na ukitaka kujaribu kutunga, usianze na msiba. Anza na jambo moja ambalo mama alipenda kukukemea.