Kompyuta za Chumbani

SWALI: Shikamoo mhariri. Natengeneza na kuuza kompyuta chumbani kwangu Chikongola, Mtwara. Wazazi wanataka nirudi Newala kwenye korosho. Kuna kampuni kubwa iliyoanza hivi?
Fundi, Mtwara

JIBU: Marahaba mwanangu. Ipo: Dell. Mwaka 1984 Michael Dell, miaka 19, alianza na dola 1,000 bwenini, Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Wazazi wake walitaka awe daktari! Nguvu yake ilikuwa oda: mteja anaagiza moja kwa moja, ndipo kompyuta inaunganishwa. Mtaji haulali stoo. Kufikia 1988 hisa zake zilikuwa sokoni. Nawe, tafadhali, pokea malipo ya awali kabla ya kuagiza vipuri Kariakoo. Anza msimu wa korosho, wateja wakiwa na fedha.