Mshirika amekula pesa za mtaji: ni kesi ya polisi au ya madai?

Ndugu, umesema ulimpa mwenzako shilingi 600,000, akakuonyesha risiti ya marobota 30 ya mitumba, na sasa hupati mzigo wala faida. Kwa sheria ya Kenya, kila kitu kinategemea ile risiti.

Kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu kupata mali kwa udanganyifu, kifungo kisichozidi miaka 3. Lakini uongo wenyewe lazima uhusu jambo lililokwisha kuwa au lililopo. "Nitakulipa Desemba" ni ahadi. Akiivunja, hilo ni deni, nenda mahakama ya madai. "Mzigo uko Gikomba, umeshalipiwa," huku hakuna mzigo, hiyo ni jinai. Hapa ndipo wengi wanaanguka: hawaonyeshi kwamba uongo ulitangulia pesa. Kama risiti ilikuja baada ya wewe kutuma, haiwezi kuwa ndiyo iliyokushawishi, ingawa ikiwa ya kughushi ni kosa lingine kabisa.

Kwa hiyo anza na tarehe. Chukua taarifa ya M-Pesa, ipange sambamba na jumbe zake, kisha umwendee muuzaji aliyetajwa kwenye risiti athibitishe kwa maandishi. Jumbe usizifute, na simu iliyozipokea itunze. Mahakama itadai cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Ukiripoti polisi, dai namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Kesi ya madai haizuii ya jinai, kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema hivyo. Ila tafadhali usimtishe mwenzako kwa polisi ili alipe: mahakama husimamisha mashtaka yanayotumika kukusanya madeni.